Bastola kiunoni: ala kwanza

Ukishapata cheti chako kwa Bodi ya Leseni za Silaha nchini Kenya, usiibane bastola kwenye suruali hivi hivi. Tafuta ala, na uitazame kwanza pale inapofunika kifyatulio.

Ala ifunike kifyatulio chote, kwa plastiki ngumu au ngozi nene isiyobonyea. Ya kitambaa laini hukunjika. Kamba ya jaketi ikipenya humo, risasi yaweza kutoka na kukupiga pajani. Ngozi iliyolegea mdomoni ina hatari hiyo hiyo: itupe, hata kama uliinunua ghali.

Nunua inayolingana na bastola yako hasa, pamoja na mshipi mgumu. Inama, kimbia, keti garini: ala isisogee.

Kuirudisha bastola alani ndiko kunakotaka utulivu zaidi. Vuta shati kando, tazama mdomo wa ala, kidole kiwe mbali na kifyatulio, kisha ingiza polepole. Hakuna anayekuharakisha. Jizoeze kwa bastola tupu, risasi zikiwa chumba kingine.

Ukienda kunywa pombe, iache nyumbani ndani ya kasha la chuma lililofungwa. Usiifiche chini ya godoro: watoto hupajua.