Lugha ya jirani: kujifunza kwa furaha



Wengi kati yetu wanasema: "Kifaransa cha kalasi kinatosha. Ju ya nini kuongeza lugha ingine?" Mimi pia nilisema vile, mpaka siku nilipokosa samaki.

Mama alinituma sokoni. Muuzaji mumoja, mama wa Kibemba, alikuwa anafunga kitunga chake. Nilipomukaribia, akasema: "Naya." Mimi nikasikia kama "ninakuya". Basi nikangoja pale mpaka giza. Kumbe kwa Kiswahili chetu cha Katanga kuya ni kufika, lakini kwa Kibemba ukuya ni kwenda! Yule mama aliniaga tu, na mimi nikamuacha aende na samaki. Usiku ule tulikula bukari na sombe, nyumba nzima ikanicheka. Kesho yake nikafungua kaye mupya.

Hapa hatukosi walimu. Santrali ya Mwadingusha ilianza kutoa umeme mwaka 1930, juu ya mto Lufira. Zamani zile Union Minière ilileta Katanga wafanyakazi wa Kasai, wa Rwanda, na wa upande wa Zambia ya leo. Lugha zao zikakaa karibu na Kisanga cha wenyeji. Kwa hiyo mwalimu wako anaweza kuwa nyumba ya pili toka kwenu, na haombi minerval.

Furaha yenyewe ni nini? Ni kuvumbua. Kibemba kinasema umuntu, abantu; sisi tunasema mutu, batu. Ukulya ni kula, inama ni nyama. Unaona ni ndugu. Lakini samaki ni isabi: hapo undugu unafichama, na lazima ushike neno kwa kichwa.

Njia niliyofuata ni hii:

1. Chagua lugha moja. Mwenye kufukuza sungura wawili analala njaa.

2. Anza na salamu. Kwa mukubwa sema "Muli shani?", kwa mutoto mwenzako "Uli shani?" Ukikosea hapo, utaonekana huna adabu. Ukisaidiwa, sema "Natotela", ni kusema asante.

3. Maneno 5 kwa siku. Ukiacha siku ya Mungu, kwa juma moja ni 30. Usiandike neno peke yake. Andika na sentensi uliyosikia.

4. Soma Injili ya Marko kwa lugha mbili, kitabu kimoja kuume, kingine kushoto. Mistari ina hesabu sawasawa, basi utapata maana hata bila kamusi.

5. Weka ukurasa wa maneno ya kudanganya. Andika kuya hapo. Kwa Kiingereza andika library: si librairie ya Kifaransa mahali wanauzisha vitabu, ni mahali wanaazimisha.

6. Sema, hata wakikucheka. Mwenye kucheka njo anakurudisha kwenye njia. Mwenye kuogopa kuchekwa atabaki bubu na kaye yake imejaa.

Kibemba changu kingali kidogo. Lakini yule mama sasa akiniona, ananiita kwanza, na samaki wa mwisho ananiwekea.

Zoezi: Juma hili uliza mzee mumoja, kwa lugha usiyoijua, maneno haya: maji, moto, nyumba, kwenda, kufika. Yaandike karibu na Kiswahili. Ni yapi ndugu? Ni yapi yanadanganya?