Kariakoo: Mtaa Uliobebwa Mabegani

Mtu akiondoka Magogoni, penye kivuko cha Kigamboni na soko la samaki, akashika njia ya kuelekea bara, hupita kwanza kwenye maofisi, kisha kwenye maduka ya Uhindini, kisha kwenye kiwanja kipana cha Mnazi Mmoja. Akikivuka kiwanja hicho amefika Kariakoo. Ni mwendo mfupi, lakini ndani yake imo historia ya mji wa Dar es Salaam. Katika somo hili tutaona Kariakoo ilivyopata jina lake, ilivyojengwa, na tabia iliyo nayo.

Jina lake

Dar es Salaam ilianzishwa na Sultani Majid wa Unguja katika miaka ya 1860, karibu na kijiji cha Mzizima. Mwaka 1891 Wajerumani waliufanya mji huu makao makuu ya koloni lao. Baadaye walijenga jengo la soko upande wa bara, lakini mwaka 1914 Vita Kuu ya Kwanza vikaanza. Septemba 1916 Waingereza waliuteka mji, na mahali hapo pakawa kambi ya wapagazi wa jeshi lao. Kikosi cha wapagazi hao kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Wenyeji wakalitamka jina hilo kama ulimi wao ulivyopenda, nalo likawa Kariakoo. Hata Nairobi uko mtaa uitwao Kariokor, kwa sababu iyo hiyo.

Kwa nini wapagazi walihitajiwa sana? Reli zilikuwa chache, barabara za magari karibu hazikuwako, na wanyama wa mizigo walikufa kwa ugonjwa uletwao na mbung'o. Basi unga, risasi na dawa vilichukuliwa na watu, vichwani na mabegani. Wengi walitwaliwa kwa nguvu vijijini mwao. Makumi ya maelfu walikufa, wengi wao si kwa risasi bali kwa malaria, kuhara na njaa. Mwaka 1927 Sanamu ya Askari ilisimamishwa katikati ya mji. Maandishi yake yanawataja wapagazi pia, lakini aliyesimama juu ni askari mwenye bunduki. Hapo mpagazi hana sanamu. Ana jina la mtaa.

Nyumba na watu wake

Wakati wa Waingereza mji uligawanywa kwa rangi: Wazungu pwani, Wahindi katikati, Waafrika Kariakoo. Mnazi Mmoja uliachwa wazi ili utenge Uhindini na mitaa ya Waafrika. Kariakoo ilipimwa kwa mitaa iliyonyoka, ikakatana kama mistari ya daftari la hesabu.

Nyumba nyingi zilikuwa za namna moja: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, na uani nyuma penye jiko na choo. Mwenye nyumba alipangisha chumba kimoja kimoja. Kwa hiyo Mzaramo, Mnyamwezi, Mmanyema na Mngoni waliweza kutumia ua mmoja na kisima kimoja. Walihitaji lugha moja ya kuombana moto na kuamkiana asubuhi, nayo ilikuwa Kiswahili.

Waliotengwa pamoja wakajua kusema pamoja. Chama cha TANU kilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 katika nyumba ya mtaa ulioitwa wakati huo New Street, ambao leo ni Mtaa wa Lumumba. Kiwanja cha Mnazi Mmoja, kilichowekwa ili kutenga watu, kikawa mahali pa kukutania.

Soko

Baada ya vita lile jengo la Wajerumani likawa soko la mji. Katika miaka ya 1970 lilibomolewa, likajengwa jipya lililochorwa na Beda Amuli, msanifu majengo Mtanzania. Rais Nyerere alilifungua mwaka 1975. Paa lake ni kama miavuli mikubwa ya zege iliyosimama pamoja, na chini ya ardhi mna sehemu ya jumla, ambayo watu huiita Shimoni. Julai 2021 soko hilo liliungua moto.

Siku hizi nyumba za baraza zimebaki chache. Mahali pake pamesimama maghorofa ya maduka, na wanunuzi huja kutoka mikoani na nchi jirani. Faida ni kubwa, lakini haraka ya kujenga ina gharama yake: Novemba 2024 ghorofa moja liliporomoka, likaua watu zaidi ya 20.

Tuyaangalie basi mambo haya. Jengo laweza kuungua na nyumba yaweza kubomolewa, lakini jina hubaki, na kazi hubaki. Hata leo bidhaa za Kariakoo huingia na kutoka kwa mikokoteni, na kwa vichwa na mabega ya wachukuzi. Tukilijua jina, tutajua pia kumpisha njia anayepita na mzigo.

Mazoezi

1. Eleza kwa nini jeshi lilitumia wapagazi badala ya wanyama.
2. Chora ramani ya nyumba ya vyumba sita, uonyeshe baraza na ua.
3. Waulize wazee asili ya jina la mtaa wako, kisha andika habari zake.