Jina la Ukoo Kama Ushahidi: Bulsara

Habari ya ufahamu yenye majina ya kigeni na tarakimu nyingi huwatisha wengi. Wapo wanaoiruka na kukimbilia insha, na wapo wanaoijibu kwa kubahatisha. Katika sura hii tutachukua jina moja tu, Bulsara, jina la ukoo lenye asili ya India na lenye watu wachache, tulichambue mpaka tuone mwisho wake. Jina hilo linatoa ushahidi wa mambo fulani na linanyamaza kabisa kuhusu mambo mengine. Ukijua mpaka huo uko wapi, hutapoteza alama kwa kuandika zaidi ya unachoweza kukithibitisha.

Umbo la jina

Anza kama unavyoanza na neno lolote katika mada ya uundaji wa maneno: tafuta shina, kisha viambishi. Bulsara ni Bulsar + -a. Bulsar ni mji wa kusini mwa jimbo la Gujarat, karibu na pwani, kwenye njia ya reli iendayo Surat kutoka Mumbai. Leo unaitwa Valsad. Kiambishi tamati -a katika majina ya namna hii ya Kigujarati hubeba maana ya “mtu wa”. Basi Bulsara ni mtu wa Bulsar, kama vile Bharucha alivyo mtu wa mji wa Bharuch.

Pengine unajiuliza Valsad imegeukaje kuwa Bulsar. Hapa pana somo zuri la utohoaji. Konsonanti ya mwisho ya Valsad hutamkwa kwa kukunja ncha ya ulimi kuelekea nyuma, na kwa sikio la mgeni husikika kama r. Waingereza waliiandika walivyoisikia. Ile a fupi ya mwanzo waliiandika u, kama walivyofanya kwenye jina Punjab. Ndiyo maana utakutana pia na tahajia ya Balsara: ni jina lilelile lililoandikwa na karani mwingine. Ukipewa Bulsara na Balsara katika swali, usiwafanye kuwa koo mbili kwa sababu ya herufi moja.

Sasa linganisha na lugha yetu. Kiswahili huweka kiambishi mwanzoni: Pemba inatupa Mpemba, Tumbatu inatupa Mtumbatu. Kiarabu na Kiajemi huweka -i mwishoni, nasi tumepokea Shirazi, yaani wa mji wa Shiraz. Kigujarati kina -a na pia -wala. Poonawalla ni mtu wa Poona, mji ambao leo huandikwa Pune. Hiyo -wala hufuata hata kazi: Daruwala ni mwenye shughuli ya pombe, Batliwala ni mwenye shughuli ya chupa. (Neno batli lenyewe Kigujarati kimelitohoa kutoka lugha ya Kizungu, kwa hiyo jina hilo la kale si la kale sana.) Wengine walichukua jina la kazi kwa Kiingereza bila kulibadilisha: mchezaji maarufu wa kriketi wa India, Farokh Engineer, alikuwa na jina la ukoo la namna hiyo.

Tofauti moja ishike vizuri. Mpemba ni nomino ya kawaida ya ngeli ya A-WA. Wingi wake ni Wapemba, na upatanisho wa kisarufi unafuata. Bulsara ni nomino ya pekee. Haina wingi kwa njia hiyo. Tukiwa na watu kumi wa ukoo huo tunasema “akina Bulsara”.

Jina huzaliwa mtu anapoondoka

Hili ndilo jambo ambalo watahiniwa wengi hawalifikirii. Ukiwa Wete au Chake Chake, nani atakuita Mpemba? Wote waliokuzunguka ni Wapemba. Hamia Tanga au Mombasa, fungua duka, na kabla mwaka haujaisha utasikia “nenda kwa yule Mpemba”. Jina la mahali humpata mtu akiwa mbali na mahali hapo.

Bulsara ni hivyohivyo. Ndani ya mji wa Bulsar jina hilo halimtofautishi mtu na jirani yake. Lilikuwa na maana huko Surat au Bombay, ambako waliofika kutoka miji midogo walitambuliwa kwa miji yao. Zamani watu wa jamii hizo walitumia jina lao na la baba, kama ilivyo kwa wengi wetu hadi leo. Majina ya ukoo yasiyobadilika yalienea katika karne ya 19, chini ya utawala wa Waingereza. Serikali hiyo ilitaka kila mtu awe na jina moja la kudumu katika daftari za mahakama, shule na biashara.

Sasa unaweza kueleza kwa nini jina hili ni adimu. Mji wenyewe ni mdogo ukilinganishwa na Surat au Bombay, na waliobeba jina ni uzao wa wale tu waliotoka humo wakati ambapo majina yalikuwa yakigandishwa kwenye karatasi.

Waparsi

Wengi wanaojulikana kwa jina la Bulsara ni Waparsi, yaani wafuasi wa dini ya Zoroaster ambao wahenga wao walitoka Uajemi, nchi inayoitwa Iran leo. Neno Parsi lenyewe lina maana ya Mwajemi. Walifika pwani ya Gujarat kati ya karne ya 8 na ya 10, baada ya Uajemi kuwa chini ya utawala wa Waislamu. Masimulizi yao yanasema walitia nanga Sanjan. Leo Sanjan imo ndani ya wilaya ya Valsad, na humo humo umo mji wa Udvada, ambako moto wao mtakatifu uitwao Iranshah umetunzwa tangu mwaka 1742.

Chanzo kikuu cha habari za safari hiyo ni utenzi wa Kiajemi uitwao Qissa-i Sanjan, uliotungwa karibu mwaka 1600. Hesabu mwenyewe: ni miaka mia sita au zaidi baada ya tukio. Kwa hiyo unapoutumia katika jibu, andika “masimulizi yanasema”. Usiandike “ilitokea”.

Na usirukie kusema kwamba kila mwenye jina la mji wa Gujarat ni Mparsi. Jina la Bharucha wanalo Waparsi na wanalo Waislamu pia, kwa sababu wote walitoka Bharuch. Mji hauulizi dini.

Jina lafika Unguja

Waparsi wachache walivuka bahari kuja Afrika Mashariki. Mmoja wao alikuwa Bomi Bulsara, karani wa fedha katika Mahakama Kuu ya Zanzibar wakati wa utawala wa Waingereza. Tarehe 5 Septemba 1946 mwanawe Farrokh alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja. Mtoto huyo alipelekwa shule ya bweni huko Panchgani, India, akarudi Zanzibar, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Uingereza na kuishi Feltham, nje kidogo ya London. Karibu mwaka 1970 aliacha jina la Bulsara na kuanza kujiita Freddie Mercury. Alifariki London tarehe 24 Novemba 1991, akiwa mmoja wa waimbaji waliojulikana zaidi duniani.

Tazama jina lilivyosafiri. Farrokh ni jina la Kiajemi. Bulsara ni mji wa Gujarat. Mwenye jina alizaliwa Unguja. Ukisoma jina peke yake, Zanzibar haionekani popote. Na ukisoma Mercury peke yake, huoni Uajemi, wala Gujarat, wala Unguja.

Kusoma takwimu

Sensa ya India huhesabu watu kwa dini. Haichapishi idadi ya watu kwa majina ya ukoo. Kwa hiyo tunapotaka kujua hali ya jina kama Bulsara, tunatazama jamii inayolibeba zaidi. Mwaka 1941 Waparsi walihesabiwa 114,890. Mwaka 2001 walikuwa 69,601. Mwaka 2011 walikuwa 57,264, wengi wao wakiishi Mumbai.

Chukua kalamu. 69,601 toa 57,264 ni 12,337. Gawanya kwa 69,601, zidisha kwa 100, utapata takriban asilimia 18. Katika miaka hiyohiyo 10 idadi ya watu wote wa India iliongezeka, nayo kwa takriban asilimia 18, ikafika watu bilioni 1.21. Kwa maneno mengine, katika kila Wahindi 100,000 Waparsi hawafiki 5.

Tahadhari kuhusu mwaka 1941. India ya wakati huo haikuwa imegawanyika. Karachi, mji wenye Waparsi wengi, ulikuwa ndani yake na leo uko Pakistan. Hivyo si sahihi kutoa 57,264 kutoka 114,890 na kuandika kwamba waliobaki wote wamekufa bila uzao. Wako waliobaki upande wa pili wa mpaka, na wako waliohamia Uingereza, Marekani, Kanada na kwingineko. Linganisha 2001 na 2011, kwa sababu hapo eneo ni lilelile.

Lakini uhamaji hautoshi kueleza upungufu huu. Waparsi wengi huoa na kuolewa wakiwa na umri mkubwa, wengine hawaoi wala kuolewa kabisa, na wastani wa watoto kwa kila mwanamke uko chini ya mmoja. Ili jamii isipungue, wastani huo unapaswa kuwa kama watoto wawili. Mwaka 2013 serikali ya India ilianzisha mpango uitwao Jiyo Parsi ili kuwasaidia wanandoa wa jamii hiyo kupata watoto. Ni jambo la kushangaza kidogo katika nchi ambayo kwa miongo mingi imehimiza uzazi wa mpango.

Kisha kuna suala la upande wa baba. Mwaka 1908, katika kesi ya Petit dhidi ya Jeejeebhoy, Mahakama Kuu ya Bombay ilitoa maelezo ya nani ahesabiwe kuwa Mparsi: mtoto wa baba Mparsi anaweza kuingia hata mama akiwa wa nje, ila mtoto wa mama Mparsi na baba wa nje hakutajwa. Maelezo hayo yameiathiri jamii hiyo mpaka leo, na wapo wanawake wa Kiparsi wanaoyapinga kwa sababu watoto wao wenyewe wanaachwa nje ya mlango.

Jina la ukoo nalo hufuata njia hiyohiyo. Fikiria familia mbili zenye jina adimu. Ya kwanza ina binti wawili, ya pili ina mwana mmoja asiyeoa. Binti wakiolewa wakachukua majina ya waume zao, na wakazaa watoto watano kwa jumla, damu ya familia imeongezeka na jina limekufa. Ndiyo sababu jina linaweza kupotea kabla ya watu wake kupotea.

Swali la mfano

Kwa kutumia habari uliyosoma, eleza jina Bulsara linathibitisha nini kuhusu anayelibeba. (Alama 3)

Jibu dhaifu: “Linathibitisha kwamba ni Mparsi aliyezaliwa Valsad na anazungumza Kigujarati.” Makosa ni matatu. Dini haipo ndani ya jina. Mahali pa kuzaliwa hapamo, na habari yenyewe imetaja mtu aliyezaliwa Unguja. Lugha nayo haikutajwa popote. Mtahiniwa ameitoa kichwani mwake.

Jibu zuri: “Jina Bulsara linaonyesha kwamba ukoo ulioanza kulitumia ulitoka mji wa Bulsar, ambao leo ni Valsad, Gujarat. Kwa kawaida mtu hulirithi kwa baba au hulipata kwa ndoa. Halionyeshi dini wala mahali alipozaliwa, kwani Farrokh Bulsara alizaliwa Zanzibar.” Jibu hili ni fupi, lina mfano kutoka kwenye habari, na linasimama pale ushahidi unapoishia.

Maswali ya kujipima

1. Tenganisha mofimu za majina Bharucha na Poonawalla, kisha eleza maana ya kila kiambishi.

2. “Jina la mahali humpata mtu akiwa mbali na mahali hapo.” Fafanua kauli hii kwa mifano miwili, mmoja kutoka kwenye habari na mwingine kutoka mtaa au kijiji chako.

3. Mwanafunzi ameandika: “Kati ya 1941 na 2011 Waparsi wamepungua kwa nusu kwa sababu hawazai.” Onyesha mambo mawili ambayo mwanafunzi huyu hakuyazingatia.

4. Fupisha sehemu ya “Kusoma takwimu” kwa maneno yasiyozidi 60. Usitumie tarakimu zaidi ya mbili, na uwe tayari kueleza kwa nini umechagua hizo.

5. Andika jina lako la mwisho. Je, linatokana na mahali, kazi, mtu au tukio? Taja jambo moja ambalo msomaji asiyekujua angeweza kulithibitisha kutokana na jina hilo, na jambo moja ambalo angekosea kulidhani.