Kila Mtoto na Kipimo Chake: Somo juu ya Kuwachagulia Watoto Mpango wa Masomo

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyewaumba waja wake wenye ndimi na rangi mbali mbali, na akawagawia fahamu kama alivyowagawia riziki, huyu hivi na yule vile. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad S.A.W., na jamaa zake, na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Katika somo letu la mwezi huu twapenda kulijibu swali ambalo tumeulizwa mara nyingi na ndugu zetu wa mwambao waliohamia bara: Mtu mwenye watoto wengi, akataka kuwasomesha nyumbani mwake, achague mtaala gani, yaani mpango gani wa masomo? Na je, yampasa awape wote mpango mmoja?

Swali hili tulilijibu zamani, na tulilijibu vibaya. Kwa hivyo twaanza kwa kukiri kosa letu, maana mwalimu asiyekiri kosa lake hana haki ya kumsahihisha mwanafunzi.

Yuko ndugu yetu mmoja, mwenyeji wa Mombasa, ambaye makazi yake sasa ni Muthangari, magharibi ya mji wa Nairobi, huko upande wa Lavington na Kileleshwa. Mwenyezi Mungu amemruzuku watoto saba. Mkubwa ni binti wa miaka 16, na mdogo ana miaka 2. Aliona kwamba skuli nyingi za Kiislamu ziko mbali naye, upande wa Eastleigh na South C, na njia za Nairobi asubuhi zimejaa magari hata mtoto hufika darasani amekwisha choka. Basi akaamua kuwasomesha nyumbani. Akaagiza kutoka ng'ambo mpango mmoja wa masomo, vitabu vya kila umri lakini vya namna moja: soma ukurasa, jaza nafasi zilizoachwa wazi, fungua ukurasa wa pili. Akatuandikia kwa furaha: "Nimewanunulia wote vitabu sawa, ili nisimdhulumu hata mmoja." Nasi tukamsifu. Tukamkumbusha habari ya Bashir na mwanawe Nu'man, tukasema: huu ndio uadilifu.

Mwaka haukutimia, mama watoto akaja kwetu akilia. Mwanawe wa nne, mvulana wa miaka 9, kila asubuhi vitabu vikifunguliwa husema tumbo lamuuma. Kitabu chake kilionekana kimefichwa nyuma ya kabati. Alikuwa amepigwa, ameitwa mvivu, na ndugu zake wadogo wameanza kumcheka. Na mtoto huyo huyo alikuwa amehifadhi Juzuu Amma yote kwa kumsikiliza mamaye! Ilhali mstari mmoja wa kitabu hawezi kuusoma. Hapo tulijua kwamba mvivu hakuwa mtoto. Wavivu tulikuwa sisi, tuliotoa shauri pasi na kuuliza watoto wenyewe wakoje.

Uadilifu ni nini?

Tuirejee basi ile habari tuliyoitumia pasipo mahali pake. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Bashir alimpa mwanawe Nu'man zawadi, akaenda kwa Mtume S.A.W. ili awe shahidi. Mtume akamuuliza kama watoto wake wote amewapa mfano wa hiyo. Aliposema hakuwapa, Mtume akamuamrisha amche Mungu na afanye uadilifu baina ya watoto wake, na Bashir akairudisha zawadi ile.

Hiyo ni habari ya zawadi. Ama matumizi ya lazima, wanazuoni wameeleza kwamba kila mtoto hupewa kwa kadiri ya haja yake. Mtoto mgonjwa hununuliwa dawa, na wala baba halazimiki kuwanunulia dawa ile ile ndugu zake wazima. Nguo ya kijana mkubwa haikatwi kwa kipimo cha mchanga. Na elimu ni katika haja, si katika tunu. Haki ya watoto wote ni moja, nayo ni kufundishwa. Lakini njia ya kuifikia haki hiyo si moja. Wazee wetu wamesema vidole vya mkono havilingani, na hakuna mwenye akili anayevikata virefu ili vilingane na vifupi.

Tazama namna Mtume S.A.W. alivyowatumia sahaba zake. Zaid bin Thabit alikuwa kijana mwepesi wa kuhifadhi; alimuamrisha ajifunze maandishi ya Mayahudi, na imepokewa kwamba aliyajua kwa muda wa nusu mwezi. Hassan bin Thabit alikuwa mshairi. Akawekewa mimbari msikitini. Abu Dharr alitaka kupewa uongozi. Akaambiwa kwa upole kwamba yeye ni dhaifu kwa jambo hilo, naye ni katika wabora wa watu. Hakuna aliyedhulumiwa hapo, maana kila mmoja aliwekwa panapomfaa.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, amemfananisha mlezi na tabibu: tabibu akiwatibu wagonjwa wote kwa dawa moja, wengi wao atawaua. Na Ibn Khaldun, katika Muqaddima yake aliyoiandika mwaka 1377, ameeleza jinsi miji ya Waislamu ilivyohitilafiana katika kuwafundisha watoto. Watu wa Maghribi waliwafundisha Qur'ani peke yake mpaka waimudu. Watu wa Andalus walichanganya Qur'ani na mashairi, na lugha, na hati nzuri. Wote walikuwa Waislamu, na mipango yao ilikuwa mbali mbali. Tena akaonya kwamba ukali humharibu mwanafunzi: humwondolea uchangamfu, humfundisha uvivu, uwongo na hila. Je, lile tumbo lililokuwa likiuma kila asubuhi halikuwa ndilo alilolisema Ibn Khaldun?

Sheria ya nchi

Kabla ya kuingia katika uchaguzi, liko jambo ambalo ndugu yetu hakuambiwa na mtu, wala sisi hatukumwambia. Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya, ya mwaka 2013, yamlazimisha mzazi kumwandikisha mtoto wake skuli na kuhakikisha anahudhuria, na asiyefanya hivyo bila ya udhuru huweza kushitakiwa. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ilikataa dai la wazazi waliotaka haki ya kusomesha watoto nyumbani badala ya skuli. Wako Nairobi wanaofanya hivyo hata leo, lakini haitufai sisi kumwambia Muislamu ajitie katika hatari ya kushitakiwa, kisha watoto ndio watakaotaabika.

Basi shauri letu ni hili: waandikishe watoto katika skuli iliyosajiliwa, na nyumba yako uifanye chuo cha pili. Wala usidhani kwamba chuo cha pili ni kitu kidogo. Wazee wetu wa mwambao walikaa chuoni alfajiri na jioni, na mchana wakenda skuli. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipotoa Sahifa huko Mombasa mwaka 1930, na Al-Islah mwaka 1932, alikuwa akiwahimiza Waislamu washike dini yao na elimu ya zama zao kwa pamoja, wasiache hii kwa ajili ya ile.

Mipango iliyopo

Nairobi mzazi atakuta namna tatu kubwa za masomo.

Ya kwanza ni Mtaala wa Umilisi wa serikali, uliofanyiwa majaribio mwaka 2017 na kuenea nchi nzima tangu mwaka 2019, ukachukua nafasi ya ule wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985. Una miaka 2 ya chekechea, 6 ya msingi, 3 ya sekondari ya chini na 3 ya sekondari ya juu. Darasa la kwanza la sekondari ya juu limeanza Januari 2026, na humo mwanafunzi huchagua njia moja katika tatu: sayansi na ufundi na hisabati, au elimu ya jamii, au sanaa na michezo. Faida yake ni kwamba una kazi za mikono, na dini ya Kiislamu ni somo ndani yake. Taabu yake ni kwamba wamtaka mzazi awe karibu na kazi za mtoto kila siku, na mwenye saba ajiandae.

Ya pili ni ile ya Uingereza, ambayo mtihani wake wa IGCSE hufanywa kwa kawaida mtoto akiwa na miaka 16 hivi. Yamfaa mwenye kupenda kusoma kwa utulivu na aliyekwisha shika Kiingereza, lakini gharama yake ni kubwa.

Ya tatu ni mipango ya Marekani ya vijitabu, ambayo mtoto huenda mwendo wake mwenyewe. Mingi katika hiyo imetungwa na Wakristo kwa ajili ya watoto wao, na mafundisho yao yamo ndani ya masomo yote, hata sayansi. Hatuwalaumu, kila kaumu hulea wana wake kwa imani yake. Lakini mzazi wa Kiislamu asome kitabu chote kabla ya kumpa mwanawe. Ama ule mtindo wa kumwacha mtoto aende kwa mwendo wake ni mzuri, nasi twaweza kuutumia na vitabu vyetu.

Namna ya kuchagua

Tulirudi Muthangari, safari hii kwa kuuliza. Tulimwomba baba na mama wakae wiki mbili wasinunue kitu wala wasimpige mtoto, ila wamwangalie kila mmoja na waandike mambo manne: Hufahamu zaidi kwa kusikia, kwa kuona, au kwa kufanya? Huchoka baada ya muda gani? Hufanya nini akiachwa peke yake? Na ni jambo gani analoliogopa?

Kwa majibu hayo shauri likapatikana.

Binti mkubwa alikuwa amekwisha zoea masomo ya Kiingereza, na mtihani wake umekaribia. Kumgeuzia njia sasa ni kumpotezea miaka. Akaandikishwa panapofanywa mtihani wa IGCSE. Wa pili, kijana wa miaka 13, redio zote za nyumbani alikuwa amezifungua. Huyo alifaa sekondari ya chini ya serikali, ambako yako masomo ya awali ya ufundi. Wa tatu, binti wa miaka 11, moyo wake uko katika kuhifadhi Qur'ani. Akatafutiwa skuli ya Kiislamu ijapokuwa ni mbali, na mapitio yake yakawa baada ya sala ya alfajiri. Wa tano na wa sita, wenye miaka 7 na 5, waliandikishwa skuli ya karibu, na jioni husomeshwa pamoja, maana mdogo hujifunza kwa kumwiga mkubwa, na mama hupata nusu saa yake.

Ama yule wa nne alipelekwa katika kituo cha serikali cha kupima watoto wenye shida za kusoma. Vituo hivyo vyajulikana kwa herufi EARC, vilianza mwaka 1984, na viko katika kaunti zote. Ikaonekana kwamba macho yake mazima na akili yake nzima, ila herufi humchanganyikia anaposoma. Dawa yake haikuwa bakora. Akapewa herufi kubwa, chache kwa siku, za kufuata kwa kidole huku akizitamka, na masomo mengine akayapata kwa kusikia. Hata sasa husoma polepole. Lakini tumbo halimuumi tena, na juzi baba yake alituambia kwamba alimsikia akimsomesha mdogo wake Suratul-Ikhlas, akimsahihisha kwa upole kama mwalimu mzoefu.

Baba akatuuliza: "Je, sasa sitaulizwa na Mungu kwa kuwatofautisha?" Tukamjibu: Utaulizwa kama ulimpenda mmoja ukamwacha mwingine, kama saa za mmoja zililiwa na mwingine, kama ulimcheka mzito ukamsifu mwepesi mbele yake. Hayo ndiyo ya kuogopwa. Ama kumpa kila mmoja kitabu chake, hiyo ni amana uliyoitekeleza.

Muhtasari wa somo

Mjue mtoto kabla ya kukijua kitabu. Iangalie sheria ya nchi kabla ya kuamua. Mkubwa usimgeuzie njia karibu na mtihani. Wadogo waliokaribiana wasome pamoja. Mzito apimwe, asipigwe. Wala mama asiachiwe mzigo peke yake. Baba naye awe na saa yake ya kusomesha, ijapokuwa moja kwa siku.

Maswali ya darasa

1. Ni ipi tofauti ya zawadi na haja katika uadilifu baina ya watoto?
2. Mtaje mtoto mmoja katika nyumba yako uliyemwita mvivu. Umewahi kumuuliza ni nini kinachomtisha?
3. Katika ukoo wenu, ni nani aliyeacha kusoma kwa sababu ya bakora, na ilikuwaje?

Twamuomba Mwenyezi Mungu atusamehe mashauri tuliyoyatoa kwa haraka, awafungulie watoto wetu milango ya elimu yenye manufaa, na atujaalie kuwa walezi wanaofahamu kabla ya kuhukumu. Wabillahi tawfiq.