JIWE LITAKALOPITA KARIBU NA DUNIA

Zaidi ya sayari kubwa, yako mawe mengi yalizungukayo jua. Moja laitwa Apophis, na upana wake ni kama yadi 370. Wataalamu wa nyota waliligundua huko Arizona, Marekani, mwezi wa Juni 2004. Hulizunguka jua kwa siku 324, na njia yake hukaribiana na njia ya dunia.

Desemba 2004 watu waliingiwa na hofu, maana hesabu zilionyesha nafasi moja katika 37 kwamba jiwe lingeigonga dunia mwaka 2029. Lakini kadiri lilivyopimwa, ndivyo njia yake ilivyojulikana vema, na hofu ikapungua. Vipimo vya rada vya mwaka 2021 vilithibitisha kwamba hakuna hatari kwa miaka 100.

Usiku wa kuamkia tarehe 14 Aprili, 2029, litapita maili 20,000 tu juu ya ardhi, hali mwezi u mbali kwa maili 240,000. Mvuto wa dunia utaipinda njia yake, na mzunguko wake utazidi mwaka mmoja. Mbingu zikiwa wazi, watu wa Afrika wataweza kuliona kwa macho matupu, mfano wa nyota itembeayo. Basi atakayeliona asiogope. Safari yake imekwisha kuhesabiwa.