Unapoambiwa Kazi Imepungua

Mwajiri nchini Tanzania haruhusiwi kukupunguza kazini kwa barua ya ghafla. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka atoe kwanza taarifa ya kusudio lake, kisha ashauriane na wafanyakazi au chama chao kuhusu sababu, njia za kuepusha upunguzaji, vigezo vya kuwachagua watakaoondoka na malipo yao. Uongozi unaokaa kimya na kuacha minong'ono itawale haujatimiza wajibu huo.

Kabla ya kutia saini hati yoyote, hesabu stahiki zako: mshahara wa siku ulizofanya kazi, malipo ya likizo ambayo hukuichukua, notisi isiyopungua siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, au malipo badala yake, na kiinua mgongo. Aliyefanya kazi miezi 12 au zaidi mfululizo hulipwa angalau mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10. Kwa miaka 6, ni siku 42. Dai pia cheti cha utumishi.

Usiporidhika, wasilisha mgogoro wako Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Ahadi ya meneja kwamba suala lako linashughulikiwa haisimamishi hesabu ya siku hizo.