SOMO LETU: SHAMBA, MBU NA DAMU

Mtoto anapougua mara kwa mara, macho yakawa manjano na viungo vikamwuma usiku kucha, maneno huwa mengi. Wengine husema amerogwa. Wengine humlaumu mama yake. Kwa hiyo tumeona vema tujifunze asili ya ugonjwa wa selimundu.

1. Ugonjwa wenyewe
Chembe nyekundu za damu kwa kawaida ni za mviringo. Kwa mgonjwa wa selimundu hupinda mfano wa mundu na kuziba mishipa midogo, ndipo maumivu huanza. Huupata mtoto aliyerithi mbegu mbili za ugonjwa, moja kwa baba na moja kwa mama. Mwenye mbegu moja kwa kawaida haugui, ila aweza kuirithisha.

2. Mbona mbegu hiyo haikwisha?
Zamani watoto wengi wenye mbegu mbili walikufa wakiwa wadogo, hata ingetazamiwa mbegu ipotee. Mwaka 1954 Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alitoa jibu. Alipowapima watoto wa Buganda aliona kuwa wenye mbegu moja walikuwa na vijidudu vya malaria kwa uchache kuliko wenzao. Mbegu iletayo ugonjwa kwa wachache huwakinga wengi.

3. Jembe lilihusikaje?
Mmarekani Frank Livingstone, mtaalamu wa anthropolojia, yaani elimu ya binadamu, alichunguza Afrika Magharibi na kuandika matokeo mwaka 1958. Mbu Anopheles gambiae hupenda kuzaa katika vidimbwi vinavyopigwa na jua, wala si penye kivuli cha msitu mnene. Wakulima walipofyeka msitu wapande viazi vikuu, jua lilifika chini, maji yakatuama, na watu wakakaa wengi pamoja. Mbu akapata mazalio na damu. Malaria ilipozidi, wenye mbegu moja walisalimika zaidi, wakazaa, nayo ikaenea. Mashariki mwa Liberia mbegu hiyo ilikuwa adimu. Livingstone alieleza kuwa kilimo cha namna hiyo kilichelewa kufika huko.

4. Tunajifunza nini?
Selimundu si uchawi wala aibu ya ukoo. Ni alama ya mapambano ya wazee wetu na malaria. Mama asilaumiwe peke yake, kwa kuwa wazazi wote wawili wamechangia. Wote wawili wakiwa na mbegu moja moja, kila mimba ina nafasi 1 katika 4 ya kupata mtoto mgonjwa. Basi wachumba wapime damu mapema. Tena mwenye mbegu moja bado aweza kuugua malaria, na kwa mgonjwa wa selimundu malaria ni hatari sana. Chandarua ni cha wote.

Maswali ya kujadiliana
(a) Ni wapi katika mashamba yetu maji hutuama?
(b) Tuwasaidieje wazazi wenye mtoto mgonjwa, badala ya kuwasema?